Bunduki ya leva au ya bolti: kwa mtu mwenye hela ya moja tu, achukue ipi?

Mwana wa Ruvu (Maine)

Wakuu habari zenu. Kuna vijana wa jumuiya yetu huku Maine wamemaliza kozi ya usalama wa uwindaji na wamepata leseni, sasa kila nikikutana nao swali ni lile lile, ninunue ya leva au ya bolti. Hela yao ni ya bunduki moja tu, ya kulungu mwezi wa kumi na moja, ya kwenda renji (uwanja wa kulenga shabaha) wikiendi, na jina likitoka kwenye bahati nasibu ya kibali cha kuwinda moose, yule mnyama mkubwa sana wa jamii ya kulungu, basi iwe hiyo hiyo. Nimeona niandike hapa wote wasome, na walioko Ohio, Kanada na nyumbani Bongo nao waongezee.

Kabla ya yote, makaratasi. Kama una grini kadi sheria ya Marekani inakuruhusu kununua na kumiliki. Kama upo kwa viza ya muda, mwanafunzi au mtalii, kwa kawaida HURUHUSIWI hata kuishika, isipokuwa kwa vipengele vichache kimojawapo ni kuwa na leseni halali ya kuwinda, na usikitegemee hicho kwa kusikia kijiweni, muulize mwanasheria wa uhamiaji kwanza. Kosa la silaha linaweza kukurudisha kwenu. Hili sitanii nalo kabisa.

Haya, twende kwenye mada. Ya leva ni ile ya makauboi, chini ya triga kuna mkono wa chuma unaousukuma mbele na kuurudisha, ganda la zamani linaruka nje na risasi mpya inaingia chemba, pale nyuma ya mtutu inapolipukia. Ya bolti unainua mkono wa bolti, unavuta nyuma, unasukuma mbele, unashusha. Zote mbili kila risasi unaikoki mwenyewe kwa mkono, hakuna inayojikoki.

Leva ilitangulia kupata jina. Henry ilitoka mwaka 1860, Winchester 1873 ikafuata, halafu ikaja ile Winchester 1894 aliyoibuni John Browning ambayo mpaka kiwanda cha New Haven kinafungwa 2006 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni saba. Risasi yake maarufu ni .30-30, ya mwaka 1895, na misitu ya huku mashariki ya Marekani ndiyo ilikozoeleka. Ukiingia nyumba ya mzee yeyote wa Maine kaskazini usishangae kuikuta ukutani. Na ina sababu. Ni fupi, hiyo 1894, ambayo wengi tunaiita 94 tu, ina kama sentimita 96 na uzito wa kilo tatu tu, nyembamba, haina mkono wa bolti unaochomoza ubavuni, ukiibeba kwa mkono mmoja katikati inakaa vizuri kuliko bunduki yoyote niliyowahi kubeba. Msitu wa huku ni misonobari imebanana, kulungu anakutokea kwenye mita 40, 60, ukipata mita 100 umepata uwanja. Kwa umbali huo .30-30 inatosha na chenji inabaki.

Sasa shida inaanza msitu ukiisha. Bunduki nyingi za leva risasi zinakaa kwenye bomba chini ya mtutu, zimepangwa foleni, ncha ya hii inagusa kitako cha ile ya mbele yake, na kitakoni ndipo penye praima, ile fataki inayowasha baruti. Ukiweka risasi za ncha kali za kawaida humo, mtikisiko wa bunduki unaweza kufanya ncha ipige praima ya mwenzake na bomba lilipuke mkononi mwako. Ndiyo maana risasi za leva zina kichwa bapa au butu. Kichwa bapa kinapambana na upepo, kinapoteza mwendo haraka. .30-30 ya greini 170 (greini ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi) inatoka mtutuni kwa kama mita 670 kwa sekunde, .308, ambayo ni risasi ya kawaida ya bolti, ya greini 150 inatoka kwa kama mita 860. Ukiziseti zote zipige katikati kwenye yadi 100, kufika yadi 200 ya .30-30 imeshuka kama sentimita 20, ya .308 kama 10. Kwenye yadi 300 .308 imeshuka sentimita 35 hadi 40 na .30-30 imepita nusu mita, hapo unabahatisha tu, na mnyama habahatishwi, anajeruhiwa anaenda kufa mbali kwa mateso na wewe humpati.

Najua kuna Hornady walileta risasi zenye ncha ya mpira laini ambazo zinaruhusiwa kwenye bomba, zimesaidia kweli, ila hazijaigeuza .30-30 kuwa .308. Na najua kuna Browning BLR, na zamani Savage 99, ambazo ni leva ila hazina bomba, zinakula risasi za ncha kali kama kawaida. BLR ni bunduki nzuri sana, ila bei yake ukiiona utarudi kwenye bolti mwenyewe.

Bei ndiyo imegeuka kinyume kabisa na wanavyodhani vijana. Leva ilikuwa bunduki ya mkulima, ya bei rahisi. Leo Marlin 336 mpya, hii inayotengenezwa na Ruger tangu waichukue Marlin mwaka 2020 Remington, aliyekuwa mwenye nayo, alipofilisika, imevuka dola elfu moja. Ya bolti kama Ruger American au Savage Axis unaipata kwenye mia nne mpaka mia sita na inapiga shabaha kuliko wengi wetu tunavyoweza kulenga. Chenji inayobaki nunua darubini ya maana na risasi za mazoezi.

Kwa hiyo msimamo wangu nauweka wazi, bunduki ya kwanza na ya pekee iwe ya bolti, .308 au .30-06. Leva ninayo na naipenda na msituni ndiyo naibeba, lakini sitamwambia mtu wa bunduki moja aanze nayo. Karibuni mnipinge.

---

Otieno wa Columbus

Bro uzi safi, lakini hapo kwa .308 umetupoteza sisi watu wa Ohio. Huku kwetu kulungu hapigwi na .308, ukishikwa nayo ukiwinda kulungu ni kesi. Toka 2014 rifle imeruhusiwa lakini risasi lazima ganda lake liwe limenyooka kutoka juu mpaka chini, bila shingo, kipenyo kuanzia .357 mpaka .50. Na risasi tatu tu ndani ya bunduki, chemba na magazini ukijumlisha. Sababu yao ni kwamba nchi yetu ni tambarare na nyumba ziko karibu karibu, hawataki risasi inayosafiri mbali.

Sasa ona vile mambo inageuka. Hiyo .30-30 yenyewe, mama wa leva zote, Ohio haikubaliki juu ganda lake lina shingo. Lakini .45-70 ya mwaka 1873, .44 Magnum, .357 Magnum, zote ganda limenyooka, na zote zinapatikana kwa leva. Kwa hivyo watu wengi huku walirudi kwa leva juu ya sheria tu, si mapenzi. Wa bolti nao wamepata dawa yao, Winchester walileta .350 Legend mwaka 2019 na kuna .450 Bushmaster. Mimi niko na leva ya .44 Magnum, kipande kidogo hivi, teke lake begani hata kijana wangu analimudu, na kwa shamba ninakowinda sijawahi kuona haja ya kupiga zaidi ya yadi mia.

Majimbo mengine kama Iowa pia wako na sheria za mtindo huo huo, kila moja na vipimo vyake. Mtu asome kijitabu cha jimbo lake kwanza, ndio aingie dukani.

---

Mwana wa Ruvu

Otieno asante sana, hilo ni kweli tupu na nimefurahi umeliweka mapema. Kwa Ohio basi maneno yangu ya .308 yasichukuliwe. Bolti ya .350 Legend ni rahisi bei na teke lake ni dogo, kwa mwanafunzi bado ningeanzia hapo. Ila leva ya .44 kwenye shamba lako sina cha kukosoa.

---

Fundi wa Meru (Arusha)

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Mimi nimefanya kazi na kampuni za uwindaji wa kitalii huku miaka mingi, kuanzia kubeba bunduki za wageni mpaka kuzisafisha kambini jioni, hizi mashine nazijua kwa mkono sio kwa kusoma.

Huku Tanzania leva ni nadra sana. Mgeni mmoja mmoja wa Kimarekani anakuja na ya .45-70 kwa mapenzi yake. Kwa mbogo, simba, tembo na kiboko hapa kwetu kipimo cha chini ni .375, na .375 H&H ya Waingereza ya mwaka 1912 ndiyo lugha ya wote, ikifuatiwa na .416 na .458. Hizo risasi ni ndefu na zina nguvu, na nyumba yake ni bolti. Zile za Kicheki, BRNO na CZ, ndizo utakazozikuta kwa wawindaji maprofeshno wengi, mbao imechubuka, rangi ya chuma imeisha, na bado zinakoki kama siku ya kwanza.

Nieleze kwa nini bolti, maana watu wanasema tu ni imara bila kueleza imara vipi. Ukiinua mkono wa bolti, kabla hujavuta nyuma, kuna mteremko uliochongwa kwenye chuma ambao unalisogeza ganda kidogo litoke kwenye chemba kwa nguvu ya mzunguko. Risasi ikipikwa na jua la pori la Selous mwezi wa kumi, presha inapanda, ganda linavimba na kung'ang'ania, au vumbi limeingia. Mzunguko ule unaling'oa. Leva nyingi za zamani hazina nguvu hiyo ya mwanzo, unavuta mkono unabaki unavuta.

Pili, zile bolti za ukoo wa Mauser 98 zina kucha ndefu pembeni inayoikamata risasi kitakoni tangu inapotoka magazini. Yaani risasi haielei, imeshikwa safari nzima mpaka chemba. Ukipaniki ukakoki nusu ukarudi, haiachi risasi ndani na kuleta ya pili nyuma yake. Bolti nyingi za bei rahisi za leo hazina kucha hiyo, zinaisukuma tu risasi mbele na kuidaka mwishoni, kwa kulungu haina neno hata kidogo, ila kwa mbogo aliyejeruhiwa mtu wa kazi anataka kucha.

Tatu ni usafi. Bolti unaichomoa nzima kwa sekunde, unaangalia mtutu kutoka nyuma mpaka mwanga wa mbele, unasafisha kwa fimbo kutokea chemba. Winchester 94 unaisafisha kutokea mdomoni, na fimbo ikikwaruza mdomo wa mtutu shabaha inaharibika taratibu bila wewe kujua. Marlin wana unafuu, skrubu moja ya leva ikitoka bolti yake inatoka. Kwa mtu wa kawaida hili la kusafisha ndilo litaamua bunduki yake itaishi miaka mingapi.

---

Msoma Kumbukumbu

Mkuu Fundi wa Meru umenigusa. Naomba niweke historia kidogo kwa sababu huu mjadala umeshafanyika kwenye ardhi yetu miaka zaidi ya mia iliyopita.

Theodore Roosevelt alipotoka tu urais wa Marekani akashuka Mombasa Aprili 1909 na mwanae Kermit, safari ya kukusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian. Mizigo yake ilikuwa na bolti, Springfield ya jeshi la kwao iliyorekebishwa, leva, Winchester 1895 ya .405, na bunduki ya mitutu miwili ya Holland & Holland kwa ajili ya wakubwa kama tembo. Ile leva aliiita dawa ya simba. Na ona hapo, ile 1895 haikuwa na bomba, ilikuwa na magazini ya sanduku chini, Browning alishaona tatizo la bomba mapema. Kwa simba anayekuja mbio kwenye nyasi, leva inayokoki haraka mkono ukiwa karibu na triga ilikuwa na maana yake. Alipohitaji umbali alikuwa na Springfield.

Upande wa pili kuna yule Bell, Mskoti aliyewinda tembo Karamoja, Uganda. Yeye alikuwa mtu wa bolti, na si ya risasi kubwa, Mauser ya milimita 7 tu, ambayo Waingereza waliita .275 Rigby. Alisoma mifupa ya kichwa cha tembo mpaka akajua ubongo uko wapi kwa kila pembe, risasi nyembamba ndefu inanyooka ndani ya mfupa haipotei. Sisifii mauaji ya tembo wale, walikuwa zaidi ya elfu moja na ni hasara ambayo hatutaifidia. Nasema tu kwamba mwendo na unyofu wa risasi ulifanya kazi ambayo wengi waliamini inataka unene.

Na majeshi? Mwaka 1877 kule Plevna, Bulgaria, kwenye vita na Warusi, Waturuki walikuwa na vyote viwili mahandakini, Peabody-Martini ya risasi moja moja kwa kupiga mbali, halafu maboksi ya risasi na Winchester za leva kwa Warusi waliokaribia. Waliua sana. Dunia nzima ikaona sasa tunataka bunduki ya magazini, lakini majeshi karibu yote yakachagua bolti. Askari amelala kifudifudi leva inagonga ardhi, lazima ajiinue, na kujiinua vitani ni kifo. Bolti unaijaza kwa klipu ya risasi tano kwa mpigo mmoja, leva ya bomba unachomeka moja moja. Halafu baruti isiyo na moshi ilipokuja presha ikapanda, na bolti inayofungwa mbele kabisa karibu na chemba kwa vinundu viwili vinene ilistahimili bila kujali. Warusi ndio walikuja kununua leva kwa wingi Vita ya Kwanza ya Dunia, karibu laki tatu za ile ile 1895, ikawekewa na sehemu ya klipu, na walinunua kwa sababu viwanda vyao havikutosha.

Kwetu kwenye vita ya Tanga, Novemba 1914, askari wengi wa Mjerumani walikuwa bado na Mauser ya 1871, risasi moja moja na baruti nyeusi, ukipiga tu wingu la moshi linakuonyesha ulipo. Waingereza walipokimbia kurudi melini waliacha bunduki zaidi ya 400 za kisasa na risasi laki sita, na ndizo zilizowapa baadhi ya askari wale silaha mpya za magazini. Babu zetu wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza) nao walibeba .303 ya magazini ya kumi. Kwa hiyo ukimuuliza mzee wa nyumbani bunduki ni nini, picha inayomjia ni bolti.

---

Dada Kushoto (Alberta)

Jamani mmeandika wanaume watupu na wote mnatumia mkono wa kulia, naona tu. Mimi ni mkono wa kushoto. Bolti ya kawaida mkono wake uko kulia, kwa hiyo mimi ili nikoki ni lazima nivushe mkono juu ya bunduki au niiachie kabisa begani, na ganda linanirukia kwa mbele ya uso. Bolti za kushoto zipo, Savage na Tikka wanatengeneza, ila ukienda duka la mji mdogo zipo mbili na za kulia thelathini. Leva haina upande. Leva ni ya katikati, wa kulia wa kushoto sote tunakoki sawa, na hakuna hata mmoja wenu aliyelitaja hilo.

Pia dubu. Ninakotembea huku milimani kuna dubu wa kijivu, na ukikutana nae kwenye vichaka vya matunda ni mita kumi, ishirini. Watu wa Alaska na wa huku wengi wana ile Marlin fupi ya .45-70, mtutu mfupi, risasi nzito, unaongeza risasi kwa pembeni moja moja bila kufungua bunduki, yaani bunduki haikai tupu hata dakika. Nyongeza kwa asiyejua, .45-70 dukani zipo za aina nyingi sana za nguvu, za kawaida ni dhaifu makusudi kwa sababu bado kuna bunduki za 1873 zinazotumika, zile kali ni za bunduki za kisasa tu. Soma boksi. Na dawa ya pilipili ya dubu naibeba pia siku zote, bunduki haiondoi hiyo.

Ila kuwa mkweli ni lazima. Canadian Rangers, walinzi wa kaskazini wakiwemo Inuit na watu wengine wa asili, tangu 1947 walikuwa na Lee-Enfield ya bolti, na sababu mojawapo ya kupewa ni dubu weupe. Ilipozeeka miaka hii ya karibuni hawakupewa leva, wamepewa bolti nyingine, C-19 ya .308 kutoka ukoo wa Tikka. Doria ya mbwa ya Sirius, ya jeshi la Denmark, kule Greenland nayo inatembea na bolti ya .30-06 ya mfano wa 1917. Kwenye baridi ya digrii 30 chini ya sifuri, mafuta yanaganda, na chuma kikiwa na vipande vichache ndiyo kinafanya kazi. Leva ina vipande vingi ndani. Mimi yangu msimu wa baridi naifuta mafuta yote naacha kavu kabisa.

---

Mtu wa Kivu (Lewiston)

Wandugu miye niko hapa hapa Maine, nilitoka Bukavu. Kwetu bunduki tuliijua kwa mubaya tu, ilikuwa ya batu wa vita, na muke yangu hataki kabisa kuiona ndani ya nyumba. Nimeenda kozi nikapata leseni juu batoto yangu banapenda nyama ya pori na mimi pia. Sasa naomba muniambie bila kuzunguka, kati ya ile mbili ni gani iko na usalama zaidi kwa mutu wa kwanza kabisa, mwenye kuwa na watoto ndani ya nyumba?

---

Mwana wa Ruvu

Ndugu wa Kivu karibu sana, na kwanza mke wako ana haki kabisa, mwambie hivyo. Hili swali lako ndilo nililotaka mtu aulize, kwa sababu ndilo lililonifanya niwe upande wa bolti kwa anayeanza hata kabla ya habari ya umbali.

Leva nyingi zina nyundo ya nje. Unakoki, nyundo inabaki nyuma imesimama, tayari. Kulungu akaondoka, hujapiga, sasa inabidi uishushe nyundo taratibu kwa dole gumba huku umebonyeza triga, risasi ikiwa chemba, mpaka ikae nusu koki, pale katikati ambapo triga haiifyatui. Fikiria hiyo ni saa kumi na moja jioni, baridi imeua vidole, umevaa glovu. Nyundo ikiponyoka, inapiga. Nyingi za kisasa zimeongezwa kitufe cha sefti pembeni, ni vizuri kitumike, ila bado ile hatua ya kushusha nyundo ipo. Bolti unasukuma sefti, basi, na ukitaka kuwa salama zaidi unafungua bolti inaonekana wazi mita kumi kwamba haijafungwa, mwenzako anaona kwa macho.

Pili, kutoa risasi. Maine bunduki ndefu yenye risasi haipandi gari, ni sheria. Kwa hiyo kila ukirudi barabarani unaitoa. Bolti yenye magazini ya kuchomoa unachomoa, unavuta risasi ya chemba, kwisha. Leva ya bomba kwa nyingi unazipitisha zote chembani moja baada ya moja, koki, toa, koki, toa, triga ikiwa jirani na kidole chako muda wote. Kampuni ya Henry ya leo wao wana bomba la ndani unalichomoa kwa mbele risasi zikamiminika, wana sifa yao hapo. Kwa mtu wa kwanza mimi sitaki zile koki nyingi kando ya barabara na watoto kwenye kiti cha nyuma.

Tatu nyumbani. Bolti inachomoka. Kaiweke bolti kwenye kasha la kufuli chumbani, bunduki kwenye kabati lake la kufuli, risasi kwingine na kufuli lingine. Mtoto hata akifikia bunduki ni bomba la chuma tu. Huwezi kufanya hivyo na 94.

Na Dada Kushoto, nimekubali. Kwa wa kushoto asiyepata bolti ya kushoto, leva ni chaguo la kwanza na sio la pili. Naifuta kauli yangu ya jumla pale juu kwa watu wa mkono wako.

---

Kijana wa Lewiston Road

Wakubwa shikamooni. Mimi ni mmoja wa wale vijana aliowasema mzee Ruvu. Nimesoma wee mpaka mwisho, nimeelewa bolti. Ila kuna jirani mzee ananiuzia Winchester 94 yake kwa mia nne, ya zamani, anasema hajaitumia miaka. Kwa bei hiyo si ni kama bure? Na moose nikipata bahati?

---

Mwana wa Ruvu

Marahaba. Mia nne kwa 94 ya zamani ni bei nzuri ikiwa nzima, na ikiwa na mwaka wa kabla ya 1964 wapenda bunduki wanaitafuta, kwa hiyo hasara hutapata hata ukiiuza. Muombe uiangalie kabla ya kutoa hela.

Leva ifunguliwe, hakikisha haina risasi chembani wala kwenye bomba, ingiza kidole uhisi, usiamini macho wala usimwamini mzee. Angalia mdomo wa mtutu kwa tochi, zile nyuzi za ndani ziwe kali mpaka mwisho na zisiwe zimelika upande mmoja kwa fimbo ya kusafishia. Ikiwa tupu kabisa, koki, uelekeze mahali salama, sukuma nyundo mbele kwa dole gumba bila kugusa triga, ikianguka usinunue. Weka nusu koki, bonyeza triga kwa nguvu, nyundo isitoke. Fungua na funga leva taratibu mara nyingi, halafu kwa kasi, isikwame katikati. Kama mbao imepasuka pale nyuma inapoungana na chuma, achana nayo. Zile za zamani zinatoa ganda kwa juu, kwa hiyo sahau darubini ya kawaida, utalenga kwa macho kwa zile alama za chuma, na hilo litakufundisha kulenga kweli ila jioni ikiingia giza utaona tabu.

Moose kwa .30-30, wazee wa huku wameangusha wengi sana nayo, kwa risasi ya greini 170, karibu, ubavuni, nyuma ya bega. Ni kazi inayowezekana kwa mtu mvumilivu ambaye atakubali kuacha kupiga akiwa kwenye mita 150. Wewe una bahati nasibu moja ambayo wengine wanaisubiri miaka na miaka, na ukifika siku hiyo moose akasimama ng'ambo ya eneo lililokatwa miti, mita 200, hutakuwa na uvumilivu huo. Nakujua mimi. Ikitokea jina lako likatoka, nipigie simu, nitakuazima .30-06 yangu ya bolti na tutaenda nayo renji pamoja wiki za kabla.

Na jumapili usiende, Maine hairuhusu kuwinda jumapili. Kofia na fulana ya machungwa, vyote viwili.